Mjomba, nimeacha laki 6 dukani kwa ajili ya jina la kamera

Shikamoo Mjomba,

Mi ni mdada wa miaka 27, naishi Nyakato, napiga picha za kicheni pati, sendofu, kipaimara na mahafali. Nilianza mwaka juzi kwa kamera ya kuazima ya kaka mmoja wa kanisani kwetu, kila nikipata kazi namtolea 30,000, sasa kaka mwenyewe anahamia Geita na kamera yake. Bahati nzuri mwezi uliopita kikoba chetu kimevunjwa nikapata milioni 3.6, nikasema hii haipiti tumboni, nanunua kamera yangu mwenyewe.

Nilikuwa nimeshajipanga kabisa. Canon 6D ya mtumba, lenzi ya 50 ile ya 1.8, flashi, na chenji ikibaki betri ya pili. Nikaenda mjini duka moja (silitaji) wanauza mpya na mtumba. Kijana wa kaunta mcheshi balaa, kaniita dada mpiga picha, kaniletea na maji ya kunywa. Nikamwambia nataka 6D, akapotelea stoo kama dakika 10 hivi, akarudi nayo haina lenzi, ina kile kifuniko tu mbele, betri haina chaji hata haiwaki, akaiweka pembeni ya kioo kama mtu anavyovua kandambili. Afu akachukua nyingine iliyokuwa pale pale mbele, mpya, ya brandi kubwa nayo siitaji, akaifuta kwa kitambaa taratibu, akanivalisha mkanda shingoni yeye mwenyewe, mkanda una jina kubwaaa, akasema hebu nipige.

Mjomba ile sauti! Kr-kr-kr-kr, picha 10 kabla sijapepesa, nimempiga yeye huku nyuma mabegi ya dukani yote yamefifia kama kwenye sinema. Lenzi yenyewe kioo chake kikubwa mpaka najiona sura. Akaniambia dada hiyo 6D ni ya 2012, siku hizi kamati za harusi hazina muda, zinaangalia mkanda tu. Bei milioni 4.3, ndani ya boksi lenzi 2, na wananiongeza begi, tripodi, filta na memori kadi bure, ila ofa inaisha Jumamosi. Nikatoa 600,000 ya kushikilia mzigo. Zilizobaki nikiongeza zote bado napungukiwa 700,000, na mama mmoja wa kausha damu mtaani kwetu kashasema fomu tu.

Usiku nikamsimulia rafiki yangu aliyewahi kuuza simu duka la jirani na hilo, akacheka mpaka akakaa chini. Anasema nimeingizwa mjini, mwezi huu kila kijana akiitoa ile kamera anapewa 50,000 juu ya mshahara. Nikaangalia picha ya boksi niliyoipiga kwa simu, lenzi imeandikwa 3.5-5.6, sijui ndo nini.

Lakini Mjomba na mimi nina la kusema. Mwezi wa 5 kamati moja ya Igoma mweka hazina aliniuliza "unatumia kamera gani?" hata albamu yangu hajaifungua, na kazi wakampa kaka mwenye likamera likubwa. Kwa hiyo jina linafanya kazi, sio uongo. Nikope nimalizie, au nikadai hela yangu? Nina harusi ya Desemba wameshanilipa nusu.

Mpwa wako, Nyakato

———

Marahaba mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kama mjomba na mara ya pili kama muuza duka, maana hujui kwamba kabla sijawa mpiga picha nilikaa kaunta miaka 4, hapa hapa mjini, enzi za filamu za picha 36. Kwa hiyo mi sianzi na 50,000 ya yule kijana, naanza na betri. Kitu ambacho muuzaji anataka kukiuza anakichaji. Ile 6D ilivyokuja haina lenzi, haiwaki, imelala pembeni, hapo mechi ilikuwa imeshaisha kabla hujavalishwa mkanda, wewe uliona kamera imezeeka kumbe uliona betri imekufa.

Sasa sikia lenzi. Kwenye lenzi namba ikiwa ndogo ndo tundu limefunguka zaidi, mwanga mwingi unaingia. 3.5-5.6 maana yake ukiwa hujavuta lenzi tundu lake kubwa ni 3.5, ukivuta kumsogeza mtu karibu linabana mpaka 5.6. Ile ya 50 uliyokuwa umeipanga ni 1.8, na ukipiga hesabu, 1.8 inaingiza mwanga kama mara 10 ya 5.6. Mara 10! Weka hiyo kwenye ukumbi wetu wowote wa sendofu, taa za zambarau, MC kazima taa kubwa ili keki iwake. Pale ambapo lenzi ya 1.8 inakupa kasi ya 1/200 ya sekunde, ile ya 5.6 kwa ISO ile ile (ile namba ya kuongeza usikivu wa kamera kwa mwanga) inakupa 1/20, na kwa 1/20 shangazi mtu akiingia na zawadi anacheza, mikono yake inakuwa moshi. Utaniambia napandisha ISO, sawa, pandisha mara 10 uone chenga.

Na hapa ndo pa kukaza macho mpwa. Kioo kikubwa mpaka unajiona sura, na mabegi nyuma yamefifia kama sinema, hiyo siyo lenzi ya 3.5-5.6. Ulivalishwa kamera yenye lenzi nyingine ya bei, ukauziwa boksi lenye lenzi zake za kawaida. Yaani ile picha iliyokutoa laki 6, kamera utakayopeleka nyumbani haiwezi kuipiga.

Kijana ni tapeli? Mi nasema hapana, na sisemi kwa huruma. Kwetu kulikuwa na kamera moja ya plastiki, mwenye mzigo akatuahidi tisheti na 2,000 kwa kila moja tunayoitoa. Wiki ya kwanza nilijua nasema uongo, nilikuwa hata simwangalii mteja usoni. Wiki ya tatu nilikuwa naiamini, yaani naisifia nikiwa nakula, nikamuuzia mpaka mama yangu mdogo, na filamu ilikuwa inakwama ukifika picha ya 20. Ndo bonasi inavyofanya kazi, mdomo ukishazoea kusema kitu kila siku na moyo unafuata. Ungemuuliza yule kijana "hii ni nzuri kweli?" angekuapia, na kiapo chake ni cha kweli kabisa, kwa hiyo kumsoma mtu uso hakukusaidii hapo.

Pia ujue duka linaishi vipi. Kwenye kamera yenyewe faida ni nyembamba sana, wenye maduka wanabanana bei na kila mtu ana simu anaangalia bei ya Kariakoo akiwa amesimama pale pale mbele yako. Faida inanona kwenye vidogo vidogo, begi, filta, kadi, chaja, tripodi, na ule udhamini wa kuongezea mwaka. Kwa hiyo vile vya "bure" ulivyopewa kwa duka havikugharimu kitu cha maana, na ile tripodi nyepesi ya zawadi ukiiweka kamera nzito inainamisha kichwa kama mtu anasinzia kwenye daladala. Afu mwenye mzigo, yule anayewaletea maduka, akiona modeli fulani imekaa au mpya inakuja, anamwaga hela kwa wauzaji waisukume. Wanafanya hivyo Marekani, wanafanya Ulaya, wanafanya kwenye friji na magodoro. Mara nyingi kamera inayosukumwa hivyo wala siyo mbovu, ila imechaguliwa kwa sababu ya stoo yao, kazi yako wewe haikuulizwa.

Na zile picha 10 za fasta, kwani nani anakimbia kwenye kicheni pati? Hiyo ni ya mtu wa mpira. Nenda CCM Kirumba siku ya mechi uwaone wenye lenzi nyeupe ndefu, wale ndo wanaihitaji. Canon wanasema nyeupe ni ili jua lisichemshe lenzi, na ni kweli, ila na wewe umesimama jukwaani mbali huko unajua ni Canon bila kusoma herufi hata moja. Tangazo limebebwa na mteja aliyelipia mwenyewe.

Tukija kwenye jina sasa. Kuna mwaka 2014 Panasonic walitoa kamera ndogo inaitwa LX100. Leica wakatoa ya kwao, D-Lux, mwaka huo huo. Sensa (kile kioo cha ndani kinachonasa picha) ile ile, lenzi ile ile, zimetofautiana nguo, menyu na kile kidoti chekundu cha nembo ya Leica, na ya Leica ilikuwa ghali zaidi, watu wakanunua. 2012 Hasselblad, hao ambao kamera zao zilienda mwezini, wakatangaza kamera inaitwa Lunar, ndani ni Sony NEX-7, nje wameweka mpini wa mbao na madoido, bei zaidi ya yuro 5,000 wakati NEX-7 bodi, yaani kamera bila lenzi, ilikuwa kama dola 1,200. Hiyo ilichekwa sana. Na hao Nikon mnaobishana nao vijiweni kwamba Nikon na Sony nani mkali, kamera zao kadhaa sensa imetoka kiwanda cha Sony. Kwa hiyo mpwa ukilipia jina jua kuna wakati unalipia jina tupu, kama mtu ananunua maji ya ziwani kwenye chupa yenye lebo.

Ila sitakudanganya kwamba mkanda haufanyi kazi. Unafanya, hapa Mwanza unafanya sana, na yule mweka hazina wa Igoma ni ushahidi. Lakini hebu msikilize vizuri alichouliza. Yule mzee hajui 6D ni nini, ukimwambia ni jina la trekta anaandika. Alikuwa anauliza "tukikupa hela ya michango ya watu, utatuaibisha?" Picha hajui kuzisoma akashika kitu anachoweza kukisoma, ukubwa wa kamera. Sasa wewe mpe kitu kingine cha kusoma. 6D ina pikseli 5472 kwa 3648, kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi unapata picha ya sentimita 46 kwa 31 bila kulazimisha. Chagua picha zako 3, moja ya ukumbini usiku, moja ya bibi mzee analia kwa furaha, moja ya maharusi Jiwe la Bismarck jua linazama (najua unayo, kila mtu anayo), zichapishe saizi hiyo kwenye karatasi nzuri, ziingize kwenye mfuko mgumu, siku ya kamati usitoe simu, usitoe albamu, toa hizo ziweke mezani juu ya daftari la mweka hazina. Kama bado ataulizia kamera huyo ana mpwa wake pembeni anayetaka kumpa kazi, songa mbele.

Sababu ya kweli ya kuchagua brandi mi naijua moja, utaazima lenzi kwa nani. Lenzi ya Canon haiingii Nikon, ya Nikon haiingii Sony, labda uchezeshe adapta. Hiyo 6D pale lenzi inapoingia inatumia mdomo unaoitwa EF ambao Canon wameanza nao 1987, kwa hiyo lenzi za mtumba zimejaa mtaani, na ukivunja ya kwako saa 8 mchana na harusi ni saa 9 kuna mtu Pasiansi au Mkolani atakuazima. Hesabu wapiga picha 5 unaowapigia simu usiku wakapokea, wanatumia nini? Hiyo ndo brandi yako, hata kama muuzaji anaicheka.

Na 6D yenyewe nikuambie mabaya yake usije ukaniandikia tena. Pointi zake za fokasi ni 11 tu, na gizani ya kutegemea ni ile ya katikati. Haina flashi ndogo ya ndani, kwa hiyo hiyo flashi uliyoipanga usiikate kwenye bajeti. Kadi inaingia moja tu, ikigoma umekwisha, badilisha kadi baada ya kanisani na nyingine baada ya chakula, usijaze moja siku nzima. Na kama wateja wako wameanza kutaka video za Instagram, hapo kijana ana hoja, kwa video 6D imeachwa, haina 4K (zile video kali za siku hizi) na fokasi yake wakati unarekodi inasumbua. Kwa Desemba, kwa sababu umeshakula nusu ya hela za watu, kodi bodi ya pili siku moja ikae kwenye begi. Ukitaka kodi hiyo hiyo yenye mkanda mkubwa, wavalie kamati yako waridhike.

Lenzi ya pili uliyoahidiwa nayo, ile ya kuvuta mbali, nina kisa chake, maana ukiwa na lenzi 2 utakuwa unabadilisha. Watu wanabadilisha lenzi ufukweni jioni, wale wadudu wadogo wa ziwani wakiwa wametoka kama moshi, mmoja anaingia ndani analala kwenye sensa, unamkuta kila picha kwenye shela la bibi harusi. Mi imenitokea, Kamanga pale nasubiri kivuko. Badilishia ndani ya gari.

Kausha damu usiguse. Hapo sina maelezo, we mwenyewe unawajua wamama waliohamishiwa makochi nje.

Laki 6 sasa. Toa risiti usome imeandikwa nini, kama ni karatasi ya daftari, siyo risiti ya mashine ya kodi ya EFD, basi una neno la kumwambia mwenye duka kwa upole. Usiende kwa kijana, mtafute mwenye duka, na usianze na "nataka hela yangu," maana hela ikishaingia droo kutoka ni kama kumtoa kiboko majini. Mwambie nimebadilisha mzigo, ile hela ihamie kwenye 6D, lenzi na flashi, na zilizobaki nalipa leo leo taslimu. Duka linakubali hiyo haraka kuliko kurudisha hela, kwa sababu bado wameuza. Akikataa kabisa, mwambie bila kelele kwamba ulionyeshwa kamera ikiwa na lenzi ambayo haimo kwenye boksi, hilo ni la kupotosha mteja na Tume ya Ushindani wanapokea malalamiko ya namna hiyo. Mara nyingi kulitaja inatosha.

Ukiwa pale nenda na memori kadi yako mwenyewe. Piga ukuta mweupe kwa f/16, yaani tundu dogo, madoa yakionekana sensa ni chafu, wasafishe kabla hujalipa. Waulize imeshapiga picha ngapi, kuna programu za kusoma hiyo kwenye kompyuta, shata ya 6D, ule mlango unaofunguka kila ukipiga, Canon waliikadiria picha 100,000, ikikaribia huko ushushe bei. Halafu inama, piga chini ya kaunta kule kwenye giza na maboksi, bila flashi, kwa 1.8, kisha waambie wakutolee na ile kamera ya brandi kubwa waivalishe lenzi iliyomo kwenye boksi, upige pale pale. Kadi unaondoka nayo, ukaziangalie nyumbani kwenye skrini kubwa umekaa na chai yako, mchana ndo unarudi dukani na hela.

Ijumaa jioni mpigie simu yule kijana, msalimie vizuri, mwambie tu aichaji ile betri ya 6D.